Kwa Baba Yetu, Injinia Sindano: Gari Limetoka Uani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotuacha bila kuaga, umeketi kwenye cherehani yako mchana kweupe, shati la shule chini ya sindano, mkono wake mmoja haujaunganishwa bado. Mwaka mzima! Na sisi hadi leo cherehani ikilia popote mtaani tunageuza shingo.

Kaka Mkubwa alitaka tangazo hili la kumbukumbu yako liwe fupi. Aliandika mistari minne, yote ya heshima, akaisoma mbele ya familia kwa sauti ile ya mwalimu mkuu anayesoma matokeo ya mtihani. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo unayemsema hapo ni nani? Mbona mimi simjui?" Tukacheka hadi Kaka naye akacheka. Basi kalamu nikapewa mimi, binti yako wa pili, uliyeniita Redio kwa sababu sizimwi. Shauri yao.

Wanaosoma hapa na hawakuwahi kukuona, wacha niwaeleze kidogo. Wewe jifanye husikii.

Ulikuwa fundi cherehani. Sare za shule, suruali za walimu, magauni ya maharusi, vyote vilipita chini ya sindano yako. Chuo cha ufundi wa magari hukukijua hata mlango wake unatazama wapi. Magari ulijifunza kwa macho. Siku ya mapumziko ulikwenda gereji kwa Spana, fundi magari wa mtaa, ukasimama mikono nyuma, ukatazama injini ikifunguliwa na kufungwa, huulizi, hugusi, husemi. Ukirudi unachora ulichokiona kwa chaki ya nguo juu ya meza ya kukatia. Mteja akija kuchukua sketi yake anakuta meza imejaa magurudumu, na sketi iko chini ya magurudumu.

Ndiyo maana mtaa ukakuita Injinia Sindano. Walianza kwa kukucheka, wakazoea, wakaanza kujivunia. Mgeni akipotea njia wanamwelekeza, "Nenda moja kwa moja, ukiona gari ambalo hujawahi kuliona, hapo kata kushoto."

Ua wetu una hatua kumi na mbili kwa kumi. Humo kulikuwa na karo la kufulia, kamba ya kuanikia nguo, na gari. Sikumbuki siku ambayo gari halikuwepo. Kwa miaka karibu thelathini ulitengeneza matano, kwa mabomba ya vitanda vilivyovunjika, mabati ya mapipa, injini ya mashine ya kusaga, injini za pikipiki, na mara moja kioo cha kabati la vyombo. Kabati lilikuwa la Mama. Anasema nikuandikie kwamba hajasahau.

Na gari ulilitengeneza kwa njia moja tu uliyoijua: ulilishona. Kwanza ulikata magazeti, gari zima, mlango, boneti, paa, ukayaunganisha kwa pini na kulisimamisha uani ulitazame. Upepo ukivuma gari linahamia kwa jirani, nasi tunatumwa kwenda kuliomba. Ukiridhika, ndipo unahamishia kwenye bati. Viti ulivitia bitana. Milango uliiwekea mifuko yenye vifungo. Na nyuma ya kila gari uliacha inchi nne za bati zimekunjwa kwa ndani.

"Mzee, bati halina upindo," Spana alikuwa anakuambia.

"Ndiyo maana magari yenu hayaongezeki," unamjibu. "Mimi nikipata wajukuu nafungulia upindo, gari linaongezeka."

Na kweli, gari la nne lilifunguliwa upindo mara mbili.

Makosa? Yalikuwepo tele, na yote yalikuwa makosa ya fundi nguo. Gari la tatu lilitoka na milango miwili ya kushoto. Watu walidhani ni utani wako, lakini sisi tuliokuwa uani siku ile tunajua ulivyoduwaa. Kitambaa unakikunja mara mbili, unakata mara moja, unapata kushoto na kulia. Bati halikunjwi. Ukaweka karatasi juu ya bati la kwanza, ukakata, ukaweka karatasi ile ile juu ya bati la pili, ukakata, hukuigeuza. Uliizungusha milango ile juu, chini, nje, ndani, hadi Mama akakuambia kutoka karoni, "Mume wangu, hata uizungushe mpaka kesho kutwa, huo ni mkono wa kushoto." Mlango wa pili ukaufunga ndani nje. Maandishi ya tangazo la mafuta ya kula, ambayo bati lile la pipa lilipaswa kuyaficha ndani, yakabaki nje kwa miaka saba, na watoto wa mtaa wakajifunzia kusoma.

Lakini kuna kitu kimoja hukukosea maisha yako yote, nacho ni mwili wa mtu. Ulikuwa ukimwona mtu anaingia mlangoni, kabla hajafika kwenye benchi umeshajua kiuno chake. Tena ulijua zaidi ya kiuno. Katika daftari lako la vipimo, pembeni mwa namba, uliandika vineno vyako: "Bega la kushoto limeshuka, tia pamba, asijue." "Ameanza kunenepa na inamuuma moyo, usiseme namba kwa sauti." Mwalimu mmoja wa hesabu alivaa makoti yako miaka kumi akiamini mabega yake yako sawa. Hatujawahi kumwambia, na akisoma hapa atusamehe.

Sasa tuje kwa Mama, maana bila Mama habari yako ni nusu.

Gari la kwanza ulilitoa uani nikiwa na miaka saba. Ulimwalika Mama akae mbele, akavaa gauni jipya la maua ulilomshonea kwa ajili ya siku hiyo. Mtaa mzima ulitoka. Kumbe sakafu hukuifunga sawasawa! Uliishikiza tu, bolti mbili huku na bolti mbili kule, kama fundi anavyoshikiza nguo kwa uzi mrefu ili mteja aijaribu kwanza. Ulipanga ukishaona gari limekaa vizuri ndipo uifunge kikweli. Haya. Gari likaondoka kwa makofi, likafika kwenye bomba la maji, na hapo sakafu upande wa Mama ikaaga dunia. Mama akajikuta miguu iko barabarani, na gari linakwenda.

Akafanya nini? Akakimbia. Alikimbia ndani ya gari, Baba, kuanzia bombani mpaka duka la mkate, kashika mlango kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono wa pili, anapiga kelele, "Simamisha! We mwanaume, simamisha!" Nawe masikini, kwa mngurumo wa ile injini ya mashine ya kusaga, ulidhani anashangilia. Ukaongeza mafuta.

Wanawake wa bombani wakampa jina siku hiyo hiyo: Injini ya Pili. Wengine walicheka mpaka ndoo zao zikafurika. Mama alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, akakusubiri sebuleni, akakuambia kwa upole ulioogopesha kuliko kelele, "Mimi na magari yako basi. Sipandi tena."

Na Mama akishasema, amesema. Miaka ishirini na sita! Alikuletea chai chini ya gari, alikupa spana, alishika upande wa pili wa bati ukikata, alikutolea vipande vya chuma viganjani kwa sindano yako mwenyewe. Kupanda, hapana. Siku ya harusi ya Kaka Mkubwa, gari la nne lilimbeba bibi harusi, Mama akatembea pembeni na mkoba wake begani. Akafika wa kwanza.

Wewe hukumlazimisha hata siku moja, wala hukununa. Ulisema, "Mteja ana haki ya kukataa nguo," ukaendelea na kazi.

Gari la tano ulilifanya kwa miaka mitatu. Lilikuwa dogo, la bluu, na ulilifanya polepole mno. Ulikata ukafumua, ukakata ukafumua. Tulipokuuliza ni la nani, ulisema ni la mama yenu. Mama akasikia, akajibu bila kugeuka, "Ahsante. Nitalitazama."

Asubuhi ya siku uliyotuacha ulikwenda hadi karoni, umevaa shati safi. Mama alikuwa na beseni la nguo zilizofuliwa. Ukamwambia, "Mke wangu, limekwisha. Leo twende mimi na wewe, hadi geti la shule na kurudi, tu." Mama akatazama gari, akatazama beseni, akasema, "Kesho. Leo nina nguo za kuanika." Ukacheka, ukasema haya, kesho. Saa sita akakuletea chai dukani, akakukuta umeinamia lile shati.

Tunaandika haya kwa sababu yeye mwenyewe ametuambia tuyaandike. Mbele za watu hakulia sana. Alichofanya ni kuifungua ile kamba ya kuanikia na kuihamishia mbele ya nyumba, na uani hakukanyaga tena. Mashuka yetu yakakauka barabarani mwaka mzima, kila mpita njia anayajua. Siku moja, miezi mitatu baadaye, tukikunja nguo, aliniambia ghafla, "Zingekauka tu, Redio. Hata ningeanika alasiri, zingekauka." Nikakunja shuka lile lile mara tatu.

Kwa hiyo gari likabaki uani chini ya turubai ulilolishonea, na Mama akabaki na ile "kesho" yake. Sisi tulimwona anavyoizunguka. Alikuwa anakonda.

Kaka Mkubwa alidhani dawa ni kuliondoa. Akamleta mtu wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Mama akatoka mlangoni, akashika kiuno, akamwambia yule bwana, "Karibu sana. Mkokoteni wako unabeba viwili? Maana na mimi ni chuma chakavu, unipakie hapo hapo." Yule bwana akageuza mkokoteni bila kuaga. Kaka alikaa siku mbili bila kuja kula kwetu kwa aibu.

Ni dada yako, Shangazi yetu, aliyekuja na wazo. Ulimjua, yeye hazunguki. "Wifi," akasema, "kaka yangu alikuomba safari ya hadi geti la shule. Mwaka ukitimia, atafutwe mtu aendeshe, wewe ukae pembeni yake, muende, mrudi, moyo wako ukae chini. Unasemaje?"

Tukasubiri kusikia lile "sipandi" lake. Akasema, "Nitafikiri." Kwetu sisi hiyo ilikuwa kama ngoma imepigwa!

Basi wiki tatu zilizopita tulimwita Spana. Alivua turubai, akalizunguka gari mara mbili, akapiga mluzi. "Huyu mzee," akasema, "safari hii alishona." Akasafisha plagi, akatia mafuta, akavuta kamba ya kuwashia, na gari lako likaitika mara ya tatu. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ndani, hatua moja tu kutoka uani. Nilimwona ameshika fremu ya mlango.

Kilichobaki ni dereva, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Spana akaingia kwenye kiti cha dereva. Magoti yakapanda hadi masikioni, usukani ukamkaba tumbo. Akatoka kinyumenyume. Kaka Mkubwa akajaribu; aliingia nusu, nusu ikabaki nje, ikabidi tumvute. Mimi nina urefu wako, unajua. Nikaingia, kichwa kikagonga paa hadi nikaona nyota mchana. Tena hapakuwa na kanyagio la mafuta. Breki ilikuwa upande wa kushoto, klachi hakuna, na mafuta yaliongezwa kwa kimpini kidogo pembeni ya usukani, kwa vidole. Pale ambapo kanyagio la mafuta lilitakiwa kuwa, chini upande wa kulia, palikuwa na mto. Mto mdogo, umeshonwa vizuri, umetiwa bitana, umefungwa kwenye sakafu.

"Mto?" Spana akauliza. "Hapa pa mafuta? Alitaka dereva alale?"

"Baba alikuwa amechoka," Kaka akasema taratibu. "Miaka yenyewe ilikuwa imeenda. Alikosea vipimo."

Hakusema kwa ubaya. Hata mimi, Baba, nisamehe, nilikubali. Tulitazamana kwa huruma, tukakuonea huruma wewe. Spana akasema si tabu, atakata chuma cha kiti, akirudishe nyuma kiasi cha shubiri moja na nusu, ang'oe ule mto aweke kanyagio, gari litakuwa sawa. Akachukua msumeno wa chuma.

"Weka chini huo msumeno!"

Mama alikuwa ameshavuka mlango. Yuko uani, Baba, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mikono imejaa povu la sabuni, anakuja moja kwa moja kwenye gari. "Sakafu alikosea," akasema, "na mimi ndiye shahidi. Milango alikosea. Lakini mwili wa mtu? Ninyi mmemwona wapi akikosea mwili wa mtu? Tokeni hapo."

Tukatoka. Spana akaficha msumeno nyuma ya mgongo kama mwanafunzi.

Mama alisimama mbele ya ule mlango mdogo. Alikitazama kiti kwa muda, na sote tukajua anawaza nini, maana kiapo cha miaka ishirini na sita hakivuliwi kirahisi. Akafuta mikono kwenye gauni. Akainamisha kichwa, akaingia, akakaa.

Baba, kilimkaa.

Sijui niseme vipi ili wasomaji waelewe. Mgongo uliegemea pale palipotakiwa kuegemea. Mikono ikafika kwenye usukani bila kunyooka wala kujikunja. Kilemba chake, na unajua anavyokifunga kirefu, kikaacha nafasi ya vidole viwili chini ya paa. Mguu wa kushoto ukaifikia breki wenyewe. Na mguu wa kulia akaunyoosha taratibu, ukaenda ukatua juu ya ule mto, umenyooka, goti halikujikunja hata kidogo. Mama akafumba macho.

"Nani alimwambia?" akauliza.

"Alimwambia nini, Mama?"

"Goti langu. Nani alimwambia habari ya goti langu?"

Tukatazamana. Goti gani? Hakuna aliyejua chochote. Hapo ndipo Mama alipotueleza, ndani ya gari lako, kwamba goti la kulia lilikuwa linamuuma mwaka wa nne huo. Kwamba akikaa kwa kulikunja anaweza kulia. Kwamba alikuficha wewe na kutuficha sisi sote, kwa sababu nyumba ilikuwa na mambo mengi na hakutaka kuongeza lake. Hata kuguna hakuguna. Alijifunza kukaa upande upande tu, akadhani hakuna aonaye.

Nilikimbia dukani kwako kuchukua daftari. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa hauna jina la mteja. Juu umeandika neno moja, "Dereva." Chini yake vipimo vyote: nyonga hadi kisigino, bega hadi kifundo cha mkono, kiti hadi juu ya kilemba. Kaka Mkubwa akachukua futi, akampima mama yake mle mle ndani ya gari, namba moja baada ya nyingine. Zote sawa. Na hujawahi kumpima, Mama anaapa, hata kwa magauni hukumpima.

Pembeni mwa namba kulikuwa na vineno vyako. Kaka alijaribu kuvisoma kwa sauti ile ya mwalimu mkuu, ikamkatika, nikamalizia mimi. "Goti la kulia lisikunjwe. Akiuliza, sema mto ulibaki tu nikakosa pa kuuweka."

Mama akacheka. Alicheka na machozi yanamtoka, anapiga usukani kwa kiganja, "Mto ulibaki! Mwongo wewe! Mto ulibaki!" Sote tukawa hivyo hivyo, tunacheka na kulia pamoja, hata Spana, ambaye alisema ni moshi.

Ndipo tukaelewa, Baba. Tulidhani miaka yote unataka kumpakia. Kumbe uliacha zamani kutaka kumpakia. Ulikuwa unataka kupakiwa. Kile kiti cha pembeni ni kirefu, kina nafasi ya miguu, na mimi mwenye urefu wako nilikikalia kama nimepimwa mimi. Asubuhi ile ulivaa shati safi ili uendeshwe na mkeo hadi geti la shule.

Habari ya kutafuta dereva ikaishia hapo. Mama, na miaka yake sitini na mmoja, alijifunza kuendesha kwa wiki mbili kwenye uwanja wa mpira wa shule, Spana akitembea pembeni kwa miguu, kwa kuwa ndiyo spidi yenyewe. Goli la upande wa kusini amelipiga mara moja tu. Mwalimu wa hesabu alikuja kutazama, akasema kona zake ni nzuri. Na goti tumelipeleka hospitali, usiwe na wasiwasi. Anafanya mazoezi, na siku hizi akiumwa anasema, tena anasema mno.

Jumamosi iliyopita akatoka. Saa tatu asubuhi, gauni la maua, kilemba kirefu. Tulifungua mlango mkubwa wa ua, Shangazi akapiga vigelegele hadi akapaliwa. Nilikaa kwenye kiti chako kwa sababu mtu lazima akae, lakini nilijisogeza upande mmoja, wengine mkisema najifanya, haya, najifanya. Mama alivuta kimpini kwa vidole viwili, na gari la bluu likaingia barabarani.

Pale bombani wanawake walikuwa wamejipanga. Nusu yao ni mabinti wa wale wa zamani. Mmoja akaita, "Injini ya Pili!" Mama akateremsha kioo, akamjibu, "Leo ni ya Kwanza!" Ndoo ngapi zilianguka sikuhesabu. Tulifika geti la shule. Nikamwambia, "Mama, tumefika, tugeuze." Akageuza vizuri kabisa. Tukarudi, tukafika nyumbani, familia yote imesimama nje inapiga makofi, Kaka ameshaweka jiwe tayari la kuzuia gurudumu. Mama akawapungia mkono, akapita.

"Mama, nyumbani ni hapa!"

"Napajua," akasema. "Nilimkatalia miaka ishirini na sita. Unadhani safari moja inatosha?"

Tulikwenda hadi geti la shule mara saba. Safari ya nne aliacha kuzungumza na mimi, akawa anazungumza na wewe. Alikusimulia mambo ya mwaka mzima, nani kaoa, nani kahama, bei zilivyopanda, kamba yake ya nguo iliyorudi uani. Mimi Redio nilikaa kimya njia nzima, nikaangalia nje, nikawaachia gari lenu.

Mafuta yalipokwisha tukasukumwa hadi nyumbani. Mama akabaki ameketi pale pale, miguu imenyooka. Nikamwuliza, kwa kuwa ndiye mwenye tangazo hili, anataka tukuandikie nini kutoka kwake. Nilidhani atataka maneno marefu, nimeshayaandaa.

Akapitisha kiganja kwenye mshono wa kiti, akafikiri.

"Mwandikie halinibani popote."

"Hivyo tu, Mama?"

"Hivyo hivyo. Fundi ataelewa."

Unakumbukwa kwa upendo na mkeo, dereva wako. Kaka Mkubwa na mkewe, ambao wameshaufungua upindo wa gari la nne mara ya tatu. Binti yako Redio. Mdogo wetu wa mwisho aliye mbali, anayeomba kila siku atumiwe picha ya Mama akikata kona. Shangazi, dada yako. Wajukuu zako watano na huyo anayekuja. Spana na gereji yake. Na wote mtaani wanaotembea na mabega yaliyonyooka kwa mkono wako.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.